Kalamu Iweke Kwanza

Mwanangu, kalamu iweke kwanza. Najua wafadhili wamekuandikia kwamba mkataba urudi kabla ya wiki kwisha, na kwamba fedha zisipopokelewa mwaka huu wa bajeti zitapelekwa kwingine. Najua pia kwamba majokofu ya maabara yenu hayamalizi mwezi bila kuzimika, na mradi huu unaleta mawili mapya, jenereta yake, na nafasi za uzamivu kwa vijana ambao wamekaa wakisubiri. Njaa ya vifaa naijua, nimezeeka nayo.

Haya nimewaambia wengi waliokutangulia. Wapo walionisikia, na wapo walioitikia kwa adabu, wakaniaga, wakaenda kutia saini. Sina ugomvi nao. Nimechoka kupiga kelele, kwa hiyo nitasema taratibu, nawe sikiliza kwa kituo.

Kwanza umtoe mwizi kichwani. Ukikaa kumngojea mwizi utakesha bure, kwa sababu haji. Anayekuja ni profesa mpole, anayekumbuka majina ya watoto wako, anayekula ugali kwa mkono na kukuandikia barua ya viza kwa moyo mweupe. Hana hila. Ila huko kwao kipo chumba chenye wanasheria ambao kazi yao ni kuhakikisha kila kinachopatikana kwenye mradi kinasajiliwa kwa jina la chuo chao kabla hakijatangazwa. Yeye mwenyewe huenda mkataba huu hajausoma mpaka mwisho. Mali ya utafiti haiondoki usiku kwa kuvunja mlango. Inaondoka mchana, kwa kifungu kilichoandikwa vizuri, na chini yake pana saini ya mwenyewe.

Chukua Ziwa Bogoria, kule Baringo, Kenya. Ni ziwa la magadi, maji yake ni makali, kandoni chemchemi zinarusha maji yanayochemka, na heroe wakijaa ukingo wote unageuka waridi. Mpita njia anaona mahali pasipoota kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, William Grant, alikusanya matope na maji kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwamo, akitafuta bakteria wanaostahimili hali hiyo. Akili ya jambo ilikuwa hii: kiumbe anayeishi ndani ya magadi ni lazima vimeng'enya vyake vifanye kazi ndani ya magadi, na maji ya sabuni ya kufulia ni makali vilevile. Kimeng'enya cha kawaida ukikitia humo kinaharibika. Hiki cha ziwani kinaendelea na kazi yake, nayo ni kula vile vinyweleo vya pamba vinavyotokeza juu ya kitambaa kilichochakaa na kufanya rangi ionekane imekufa.

Kampuni ya Genencor ikavipeleka vimeng'enya hivyo sokoni. Vingine viliingia kwenye sabuni za unga, vingine kwenye viwanda vya jinzi, kufifisha rangi ya buluu ili suruali mpya ionekane imevaliwa miaka. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kuzifua suruali pamoja na mawe ya volkano, yanayokwaruza kitambaa na kuharibu mashine. Kwa hiyo hapakuwa na mchezo hapo, palikuwa na fedha. Na si ajabu baadhi ya suruali hizo zimerudi kwetu ndani ya marobota ya mitumba, tukazinunua.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilisimama kudai mgao, likisema hakuna aliyepewa ruhusa ya kuchukua vijidudu vile kwa biashara. Upande wa pili ukajibu kwamba kazi ilifanywa kwa vibali. Angalia vizuri hapo, mwanangu, maana ndipo wengi wanapopita mbio. Inawezekana kabisa kibali cha utafiti kikawepo, na mwenye ziwa naye akawa na haki ya kulalamika. Kibali cha kutafiti kinakuruhusu kuchota na kuchunguza. Hakisemi chochote juu ya siku ambayo kilichochotwa kitageuka bidhaa. Ukimya huo ndio uliogharimu. Kudai baada ya miaka kumi na zaidi, wakati hataza zimekwisha kutolewa na bidhaa ziko dukani, ni kulikimbilia basi ambalo limekwisha kupita kituo.

Mwaka 2007 KWS hiyohiyo iliingia mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, safari hii malipo, mafunzo na teknolojia vikiandikwa. Magadi ya Bogoria hayakuwa yamebadilika, wala bakteria wake. Kilichobadilika ni karatasi.

Utaniambia siku hizi sheria zipo. Zipo. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulisema kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaongeza utaratibu wa ridhaa na mgao, ikaanza kutumika 2014. Na Mei 2024, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani walipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje asili ya kiumbe alichotumia. Mambo mazuri yote hayo, na watu wetu wamehangaika miaka mingi kuyapata. Lakini hayo yanazihusu serikali. Hati iliyo mezani hapo inakufunga wewe na chuo chako, na siku ya ugomvi itasomwa hiyo.

Sasa njoo Majengo, Pumwani, Nairobi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walikuwa wakiwahudumia wanawake wanaofanya biashara ya ngono pale Pumwani, wakagundua kwamba wachache kati yao, pamoja na kukutana na virusi vya UKIMWI mara kwa mara, hawaambukizwi. Damu ya wanawake hao ikasaidia kuonyesha namna seli za kinga zinavyoweza kukizuia kirusi. Oxford wakaingia, shirika la kimataifa la chanjo ya UKIMWI, IAVI, likaleta fedha, na chanjo ya majaribio ikatengenezwa kwa kulenga aina ya kirusi iliyoenea Kenya. Mwaka 2000 Wakenya wakaja kugundua kwamba wenzao wa Uingereza wameombea hataza na Nairobi haimo. Palichafuka. Baadaye wakakaa, wakakubaliana Nairobi nayo iwe na sehemu yake.

Chanjo yenyewe haikufika popote. Kinga iliyoleta ilikuwa hafifu, na kufikia 2004 ikawekwa kando. Kwa hiyo kijana mmoja aliniuliza, sasa waligombea nini? Swali la haki. Hataza nyingi duniani haziingizi hata gharama ya kuzitunza. Lakini aliyeandikwa kwenye hataza ndiye anayeitwa mradi unaofuata unapopangwa, ndiye anayeulizwa leseni apewe nani na dawa iuzwe bei gani kwenye nchi maskini. Asiyeandikwa anapelekewa taarifa.

Na hapa kuna jambo ambalo vyuoni kwetu halifundishwi, nalo limewaponza wengi. Jina lako kuwemo kwenye makala ya jarida si sawa na kuwemo kwenye hataza. Makala inamtaja kila aliyetoa jasho. Hataza inamtaja aliyetoa wazo tu, yaani mvumbuzi. Kukusanya sampuli, kuchuja damu, kupima wagonjwa mia tano kwenye jua la Oktoba, kwa macho ya sheria hiyo si uvumbuzi. Hivyo mgawanyo wa kazi kwenye mradi wenu, huu unaoonekana wa kawaida, sisi tukusanye na wao wachambue, umekwisha kuamua nani atakuwa mvumbuzi kabla hata sampuli ya kwanza haijachukuliwa. Sanduku likifungwa na barafu kavu na kupelekwa uwanja wa ndege, nafasi ya wewe kufikiri inaondoka nalo. Kwa hiyo usipigane sana juu ya asilimia za mrabaha, kwa kuwa asilimia ya kitu kisichokuwepo ni sifuri. Pigania uchambuzi. Dai hatua mojawapo ya kufikiri ifanyike hapa, na mmoja wa hao vijana wa uzamivu awepo huko kwenye meza ya uchambuzi, si kwa kuangalia, awe na swali lake mwenyewe.

Halafu daftari. Unacheka, lakini sikia. Daftari la maabara lenye kurasa zilizopigwa namba, linaloandikwa kwa wino, kila siku na tarehe yake, na mwenzako asiye kwenye jaribio anasaini chini kwamba amesoma na kuelewa. Ukikosea piga mstari mmoja, usichane ukurasa. Nimeona maabara zetu zikiandika matokeo nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, na nyingine zikiyaweka kwenye simu ya mtu ambaye amekwisha kuhama kazi. Siku ya ubishi juu ya nani alikuwa na nini, maneno ya mdomo hayatasaidia.

Na ukiwa na daftari ndipo utaweza kufanya lingine. Kwenye mkataba huo utakuta pametajwa maarifa ambayo kila upande ulikuwa nayo kabla ya mradi. Wao wameambatisha orodha ndefu. Upande wenu nimeona pamewekwa mstari. Mstari, mwanangu! Vimelea mlivyohifadhi tangu enzi za walimu wako, mimea mliyoikausha na kuibandika lebo, dodoso mliloliandika na kulijaribu vijijini, vyote havimo. Kisichoorodheshwa kabla ya mradi kitahesabiwa kimezaliwa ndani ya mradi, na kilichozaliwa ndani ya mradi ni cha aliyetajwa kwenye kifungu kinachofuata. Kaeni siku tatu mwandike orodha yenu. Fedha zitasubiri siku tatu.

Kuhusu kutangaza, sitakwenda mbali. Ulaya hataza haitolewi kwa jambo lililokwisha kuwekwa hadharani kabla ya kuombewa, hata aliyeliweka akiwa mwenye jambo mwenyewe. Bango ulilobandika kwenye mkutano wa Arusha ni hadharani. Tasnifu iliyowekwa maktaba ni hadharani. Kama kuna kitu cha maana, ombea kwanza, kwa BRELA, wasajili wetu hapa Tanzania, au ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu kule Harare. Ukishaombea una miezi 12 ya kuamua kama utaombea na nje kwa kushikilia tarehe ileile ya kwanza. Kisha tangaza upendavyo. Na kama si cha kuombea, kitangaze haraka, ili na mwingine asikifungie kabatini. Mwarobaini ulinusurika kwa njia hiyo. Hataza ya Ulaya juu ya dawa ya ukungu itokanayo na mafuta yake, waliyopewa kampuni ya W.R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa 2005, baada ya Wahindi kuonyesha kwamba jambo lenyewe lilikuwa likifanyika kwao kabla.

Siku hizi hata sanduku la barafu si lazima. Mkishasoma DNA hapohapo kwa mashine mpya, mpangilio wake unapandishwa kwenye hifadhi ya wazi, na mtu aliye upande wa pili wa dunia anaitengeneza jeni kwa maandishi hayo bila kuomba hata tone. Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao kampuni zinazofaidika na taarifa hizo zinatarajiwa kuuchangia. Zinatarajiwa. Wewe kwenye mkataba wako sema nani atapandisha, lini, na kwa maelezo yapi ya asili. Jina la nchi na la mahali vibaki vimeshikamana na mpangilio huo popote uendako.

Kifungu kimoja zaidi nikuombe usikiruke, cha kufa kwa mshirika. Wahabeshi walifundishwa hilo na tefu, nafaka yao ya injera. Mwaka 2005 walitia saini na kampuni ya Uholanzi, mgao ukaandikwa vizuri, watu wakausifu mkataba ule kuwa mfano wa kuigwa. Kampuni ikafilisika 2009. Mkataba ukafa nayo, lakini hataza ya unga wa tefu haikufa, ilikwisha kupita mikononi mwa wengine ambao hawakuwa wametia saini chochote na Ethiopia. Mahakama ya The Hague ilikuja kuibatilisha hataza hiyo nchini Uholanzi mwaka 2018, tena kwa kesi ya wafanyabiashara wa Kizungu wenyewe kwa wenyewe. Kilichoifikia Ethiopia muda wote huo kilikuwa euro elfu kadhaa tu. Kwa hiyo andika: haki yoyote ikihamishwa, wajibu uhame nayo.

Mpaka hapa umekuwa ukitikisa kichwa kunikubali, maana nawasema wao. Sasa nikuseme wewe.

Hoodia ni mmea wa jangwa la Kalahari ambao Wasan wakienda kuwinda huutafuna kuzuia njaa na kiu. Aliyeombea hataza ya kilichomo ndani yake, katikati ya miaka ya 1990, hakuwa Mzungu kutoka ng'ambo. Lilikuwa baraza la utafiti la Afrika Kusini, CSIR, chombo cha umma, likakikodisha kwa kampuni ya Uingereza, nayo ikaingia mkataba na Pfizer ili kitengenezwe kidonge cha kupunguza unene. Wasan wakaja kusikia 2001, kwa watu wa nje. Mwaka 2003 wakapewa asilimia 6 ya mrabaha ambao CSIR ingepata. Pfizer wakajitoa, Unilever wakaja, nao wakajitoa 2008. Na hata Bogoria, wakati shirika la serikali na kampuni wakibishana nani mwenye bakteria, Waendorois walioishi kando ya ziwa lile karne na karne walikuwa wamekwisha kuondolewa tangu miaka ya 1970 kupisha hifadhi. Mwaka 2010 ndipo ulipotangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba walidhulumiwa ardhi yao.

Nimeiona fomu yako ya ridhaa. Kurasa nne, Kiswahili chake kimefasiriwa na mtu aliyekuwa na haraka, na chini pana nafasi ya dole gumba. Inasema sampuli zitatumika "kwa utafiti wa sasa na wa baadaye". Mama aliyekaa kwenye benchi ya zahanati na mtoto mwenye homa atakataa vipi, wakati muuguzi anayempa fomu ndiye anayempa dawa? Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch kiliitaka taasisi ya Sanger ya Uingereza irudishe DNA za Waafrika, baada ya kusikika kwamba zinaandaliwa kifaa cha maabara cha kuuzwa, ilhali waliozitoa hawakuridhia biashara. Sanger walikana kutenda kosa. Lakini Stellenbosch walikuwa na cha kushikilia: walijua mtu wao aliambiwa nini. Wewe ukiulizwa mama yule aliambiwa nini, utajibu nini?

Na yule mzee aliyewapeleka msituni, akawaonyesha mti gani huchujwa gome upande wa mawio na gani huchimbwa mzizi, yuko wapi kwenye hati hii? Nimeangalia. Ametajwa kwenye bajeti, chini ya posho za wasaidizi wa eneo. Wewe unalalamika kwamba kwa hao wakubwa umekuwa mkusanya sampuli. Basi yeye kwako ni nini? Ukienda kumdai mfadhili haki ambayo mwenyewe humpi aliye chini yako, atakuonyesha fomu yako, na hutakuwa na jibu.

Sikwambii uwafukuze. Fedha zetu wenyewe za utafiti unazijua zilivyo. Hao wageni wametusaidia kuijua malaria kuliko bajeti yoyote tuliyowahi kuisoma bungeni, na wengi wao wakiulizwa swali la maana wanajibu vizuri, tena wanashangaa mbona halikuulizwa mapema. Mratibu wao yule wa kike anayekuandikia kila Jumatatu ni mtu wa kazi. Mwandikie kwamba chuo kinaomba wiki tatu za mapitio ya kisheria. Peleka nakala kwa mwanasheria wa chuo, hata kama atakwambia hataza si fani yake, na nyingine COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kama kuna damu au tishu ya mtu, taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, watataka hati ya kuhamisha sampuli, na hati hiyo isiwe fotokopi ya mradi uliopita iliyobadilishwa jina. Iandike sampuli ni ngapi, zinakwenda kufanyiwa nini, zitarudi au zitateketezwa lini, na kwamba hazipewi mtu wa tatu bila barua yenu.

Kati ya hayo yote utapata nusu. Ukipata nusu umefanya kazi. Na wakikataa yote, wakakwambia tia saini au acha, sitakulaumu ukitia, una wanafunzi wanaokusubiri na jokofu linalovuja. Ila kila sampuli igaweni mara mbili, moja ibaki kwenu yenye namba ileile, na nakala ya orodha itiwe muhuri wa masijala siku hiyohiyo kabla sanduku halijaondoka.

Haya, nisomee tena hicho kifungu cha tisa, polepole. Miwani yangu imebaki ndani.